Mchicha wa Futi Kumi: Kumsoma Mary Austin Jangwani

Mshairi wetu wa Kiswahili akitaja jangwa, mara nyingi anazungumzia moyo wake. Moyo umekuwa jangwa, ndoa imekuwa jangwa, nchi baada ya uchaguzi imekuwa jangwa. Hakuna kinachoota humo, hakuna anayeishi humo, na mvua ikinyesha basi ni mvua ya mapenzi. Sina ugomvi na sitiari yenyewe, imetufaa sana. Ila ukiisikia kila siku unaanza kuamini kwamba jangwa kweli ni mahali pasipo na kitu, na ukipewa kitabu kizima kinachohusu jangwa unajiuliza: hivi huyu mwandishi kajaza nini kurasa zote hizi?

Kitabu ninachotaka tukijadili ni The Land of Little Rain cha Mary Austin, kilichotoka mwaka 1903. Kina insha 14. Si kinene, mwenye haraka atakimaliza kwa siku mbili, ingawa haraka haikifai. Austin alizaliwa Illinois, Marekani, mwaka 1868. Mwaka 1888 alihamia California na familia yake, akaolewa huko, akaishi miaka kadhaa katika miji midogo ya bonde la Owens, upande wa mashariki wa milima ya Sierra Nevada. Milima hiyo inayazuia mawingu yatokayo baharini, kwa hiyo mvua inaishia upande wa pili na bonde linabaki kavu. Insha zake zinahusu bonde hilo na majangwa yanayopakana nalo, kuelekea Mojave na Death Valley.

Anayetaka hadithi yenye mwanzo na mwisho asihangaike nacho. Lakini anayetaka kujua namna ya kutembea jangwani wakati wa machipuo, atazame nini na asimame wapi, sijakutana na kitabu kinachokizidi. Nitakilinganisha na kile kinachojulikana na watu wengi zaidi, Desert Solitaire cha Edward Abbey, cha mwaka 1968, maana ukivisoma viwili hivi kwa pamoja ndipo unapoona kila mmoja anafanya nini na macho yake.

Tuanze na mchicha.

Ndiyo, mchicha. Katika insha ya kwanza Austin anakumbushia ripoti ya msafara wa wataalamu waliokwenda kuchunguza Death Valley. Baada ya mwaka wa mvua nyingi, walikuta katika jangwa la kusini-mashariki mwa California mmea wa jamii ya mchicha wenye urefu wa futi kumi, yaani mita tatu. Mwaka uliofuata ukawa wa ukame. Mmea wa aina ile ile, mahali pale pale, ukakomaa ukiwa na inchi nne tu, kama sentimita kumi. Anasema umekomaa, hasemi umedumaa. Ulikuwa umefanya kila kitu ambacho ndugu yake wa futi kumi alikifanya.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko msomaji wa Kiingereza. Mwenzetu anakuta jina la Kilatini la mmea, anapita. Sisi tunaona fungu la mchicha kwenye meza ya sokoni, lenye majani yanayonyauka kabla ya saa sita, halafu tunaambiwa mmoja wa ukoo huo umesimama jangwani ukimpita mtu kwa urefu. Unabaki umeshikilia ukurasa. Na Austin hakukoleza chochote. Ametoa vipimo viwili, akaongeza maneno machache ya kutamani kwamba ardhi ile ingewafundisha na binadamu wake tabia hiyo hiyo, ya kutenda badala ya kusema nitajaribu, akaendelea na safari.

Ukiuelewa mchicha huo umeelewa machipuo ya jangwani. Kwake yeye nchi ile ina misimu mitatu: kuanzia Juni mpaka Novemba ni joto linalokandamiza, kuanzia hapo mpaka Aprili ni baridi na utulivu, halafu Aprili mpaka joto lirudi ni kuchanua. Lakini kalenda haitoi ahadi. Mimea mingi ya maua ya jangwani ni ya msimu mmoja. Inakaa ardhini kama mbegu, hata miaka mingi, na ganda la mbegu lina kemikali zinazozuia kuchipua mpaka inyeshe mvua ya kutosha kuziosha. Mvua ya kudokoa haizidanganyi. Hata ikija mvua kubwa, si mbegu zote zinazotoka. Nyingine zinabaki chini zikisubiri mwaka mwingine, kama mama mwenye nyumba ambaye haweki fedha zote kwenye mchezo mmoja. Austin hakuwa mtu wa maabara. Alilijua jambo hili kwa kupita njia ile ile mwaka baada ya mwaka na kukumbuka mwaka jana palikuwaje. Ndiyo maana maua katika kitabu chake hayatokezi kama onyesho. Yanatokea kwa hesabu ya maji, na yeye anakuonyesha hesabu.

Sehemu ninayoirudia zaidi ni ya ndege na kivuli. Kulikuwa na uzio wa mifugo uliokwenda kama maili 15. Austin anasema kwenye kila ukanda mwembamba wa kivuli cha nguzo ungeweza kukuta ndege mmoja au wawili, mdomo wazi, mabawa yamelegea, wakisogea kivuli kinaposogea. Anayefuata ukurasa huo atembee jangwani kuanzia leo na hatatazama tena nguzo kama nguzo. Kuna pia habari ya kiota. Machipuo hayo yalikuja na joto la mapema, na ndege wawili walikuwa wametaga mahali pasipo na kivuli cha maana. Kwa kawaida ndege huatamia ili mayai yapate joto. Hawa walikuwa wanasimama juu ya mayai ili yasiive. Wakati mwingine wote wawili pamoja, mabawa yametandazwa, midomo wazi. Mwishowe Austin akashindwa kuvumilia, akawawekea kipande cha turubai.

Basi. Kipande cha turubai, sentensi imekwisha. Nafsi ya kwanza inaingia kwenye insha hiyo kufanya kazi moja ndogo na kuondoka. Hatuambiwi alijisikiaje usiku ule, wala mayai yalianguliwa au la. Mtu mwingine angetuandikia sura nzima kuhusu upendo wake kwa viumbe.

Na mtu huyo mwingine, kusema kweli, ni Abbey. Nampenda Abbey, nieleweke. Alifanya kazi ya mlinzi wa hifadhi katika Arches, jimbo la Utah, misimu ya 1956 na 1957, na kitabu chake kinaanza akiwa amefika Aprili, kwenye baridi na theluji, kabla machipuo hayajatulia. Anajua mimea, anaitaja kwa majina mfululizo kama mtu anayewaita wanawe waje kula. Sura yake ya nyoka wawili wanaojiviringisha kama wanacheza dansi, na yeye analala kifudifudi kuwafuata, ni nzuri sana. Lakini katika sura ile ile anayotembeza msomaji kati ya maua ya machipuo, anamwona sungura, anaokota jiwe na kumuua, kwa jaribio tu. Anataka kujua kama angeweza kujilisha jangwani. Sungura anakufa, hamli, na Abbey anaondoka akijisikia mwepesi, amekubaliwa na ulimwengu.

Watetezi wake husema hapo anavunja picha ya mpenda-maumbile mpole, na ni kweli anaivunja. Mimi ninachokiona ni kwamba sungura huyo amekufa kwa ajili ya aya. Huwezi kuliondoa jina la Abbey katika tukio hilo likabaki tukio. Ukimwondoa Austin kwenye kiota, ndege bado wako pale, jua bado liko pale, na tatizo la mayai ni lile lile. Hiyo kwangu ndiyo tofauti ya waandishi hawa wawili, na ina uzito kuliko tofauti ya mtindo, kwa sababu msomaji anayeingia jangwani na kitabu mkononi anajifunza kutokana nacho nani awe katikati.

Nilikibeba cha Austin Machi 2017, nilipokwenda Anza-Borrego, hifadhi kubwa kuliko zote za jimbo la California, saa mbili hivi kwa gari kutoka San Diego. Mvua za majira ya baridi zilikuwa zimeshiba mwaka ule. Nilikuwa na rafiki yangu, mtu wa Tanga, aliyekubali kuja kwa sharti kwamba turudi kabla ya magharibi. Tulipofika mji mdogo wa Borrego Springs tukakuta foleni ya magari kama ya Ubungo jioni. Maegesho yamejaa, vyoo havitoshi, mkahawa mmoja umebandika karatasi kwamba chakula kimekwisha. "Kaka," akaniuliza, "hawa wamekuja kuangalia maua au kuna mtu kafa?"

Maua yalikuwepo, sikatai. Mchangani yametandaa ya zambarau, katikati yake meupe makubwa yanayofunguka jioni, na kwenye miteremko vichaka vya manjano kana kwamba kila kimoja kimepakwa rangi kwa mkono. Mmea mmoja wa fimbo ndefu za miiba, ocotillo, ulikuwa na ncha nyekundu kila fimbo, na ndege wadogo wale wanaoelea hewani wakinyonya maua, ambao Afrika hatunao, walikuwa wanazishughulikia ncha moja moja. Ila watu wengi walikuwa wamesimama mita 20 kutoka barabarani, wengine wamelala katikati ya maua wapigwe picha, na chini ya migongo yao mna mbegu za mwaka kesho na kesho kutwa.

Sisi tulikwenda kutazama viwavi, kwa ushauri wa mzee mmoja wa pale hifadhini. Mwaka wa mvua nzuri nondo fulani wakubwa wenye mistari meupe hutaga kwa wingi mno, na viwavi wao, wanene kama kidole, wanatembea mchangani kwa maelfu wakila yale maua ambayo watu wametoka mbali kuyaona. Kuna sehemu tuliikuta imebaki vijiti. Mwanamke mmoja alikuwa analalamika kwamba hifadhi ingepaswa kupulizia dawa. Angeinua macho. Juu yetu vipanga walikuwa wanazunguka, na wengine wameshuka kabisa chini, wanatembea kwa miguu kama kuku wakiokota viwavi. Ni aina inayopita kila machipuo kutoka Argentina kwenda kaskazini kuzaa, safari ya maelfu ya kilomita, na bonde lile ni kituo chao. Bila viwavi wangepita na njaa. Bila maua hakuna viwavi. Rafiki yangu alitazama kipanga mmoja akimeza kiwavi cha nne au cha tano, akasema, "Huyu ndiye aliyealikwa. Sisi tumejipenyeza."

Sijui kama angelisema hilo asubuhi, kabla ya kunisikia nikimsomea habari ya uzio na vivuli tukiwa kwenye foleni. Napenda kufikiri kwamba kitabu kilifanya kazi yake.

Foleni ile inanirudisha kwenye swali ambalo vitabu vyote viwili vinapambana nalo: je, mtu anayependa mahali aandike habari zake? Abbey alikuwa na hasira. Ana sura nzima ya kushambulia utalii wa magari, anataka magari yote yazuiwe nje ya hifadhi, watu watembee, wapande baiskeli, wapande farasi. Hoja zake hazijachuja. Na kwenye utangulizi anamwonya msomaji asikimbilie huko, kwa kuwa mengi ya aliyoyaandika yamekwisha kutoweka. Nadhani kila anayemfahamu Abbey anajua kilichotokea: watu walikuja, wengi wao wakiwa na kitabu chake kwenye dashibodi. Kumwambia mtu "usije" kwa nathari tamu kiasi kile ni kumkaribisha.

Austin alikuwa mjanja zaidi. Alificha majina. Katika dibaji yake anasema anapenda utaratibu wa Wahindi Wekundu (neno lake la zamani ni hilo, leo tunasema wenyeji asilia) wa kukipa kitu jina kulingana na anayekiona, kwa hiyo baadhi ya majina ya mahali katika kitabu hayamo kwenye ramani yoyote. Ukitaka kufika kwake, anasema, utafute nyumba ya kahawia chini ya mti mwishoni mwa barabara ya kijiji, ubishe hodi, ndipo mtazungumza. Yaani njia ya kufika kwenye maua inapitia mlangoni kwa mtu. Kwetu jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Hakuna anayeingia shamba la mtu bila hodi, hata kama anataka kuangalia tu. Mwaka 2019 mji wa Lake Elsinore, California, ulizidiwa na umati waliofuata picha za maua ya rangi ya chungwa katika korongo la Walker mpaka wakuu wa mji wakafunga njia kwa muda. Picha zilikuwa na jina la mahali na kitufe cha ramani. Hodi haikuwemo.

Lakini dibaji hiyo hiyo ina sentensi inayonikera, na sitaki kuipita kimya kama wahakiki wake wengi wanavyofanya. Austin anasema kwa kutoa majina kwa namna ile anatunza uaminifu kwa ardhi, sawa, halafu anaongeza kwamba pia anajitwalia eneo kubwa sana ambalo hakuna mwenye hati bora kuliko yake. Anatania, bila shaka. Mtu aliyeishi kwenye nyumba ya kawaida anajifanya mwenye milki. Tatizo ni kwamba aliazima utaratibu wa kutoa majina kutoka kwa watu ambao hati yao ilikuwa bora kuliko yake, na walikuwa majirani zake.

Wapaiute wa bonde la Owens wanaliita bonde hilo Payahuunadü, mahali ambapo maji yanatiririka. Rudia tena jina la kitabu: nchi ya mvua kidogo. Yote mawili ni kweli. Mvua ni kidogo, lakini theluji ya Sierra ikiyeyuka inaleta vijito, na Wapaiute walikuwa wamechimba mifereji ya kumwagilia mimea yao ya chakula kabla ya wafugaji wazungu kufika. Jina moja linatazama angani, jingine linatazama ardhini na kazi ya watu. Mwaka 1863 jeshi liliwaswaga Wapaiute karibu elfu moja kutoka bonde hilo, kwa miguu, katika joto la Julai, mpaka Fort Tejon. Kisha wengi wakarudi kidogo kidogo, wakaikuta mifereji yao mikononi mwa wengine.

Sasa, haki itendeke: Austin hakulikwepa. Insha ya msusi wa vikapu, kwangu bora kuliko zote 14, inamhusu mwanamke Mpaiute anayeitwa Seyavi. Vita vimewavunja watu wake kwenye ziwa chungu, na yeye na mwanawe mdogo wanajificha mapangoni, wanakula mizizi ya matete na kombe wa maji baridi wanaowachimbua matopeni kwa vidole vya miguu. Baadaye anarudi kwenye usukaji. Hapa anayetoka pwani, aliyekua akimwona bibi yake amekaa na ukili mapajani, atasoma polepole. Seyavi anakata matawi yake kando ya kijito ambacho aghalabu hakifiki mtoni. Nakshi anayoipenda ni ya vishungi vya kware wa bondeni. Alisuka vyungu vyake vya kupikia kwa nakshi hiyo katika machipuo ya mwaka alioolewa, wakati kware walipokuwa wanapanda wawili wawili kwenda kulala mlimani.

Hayo ndiyo machipuo pekee katika kitabu chote yanayomhusu mtu mwenye jina na maisha, na ni ya Mpaiute. Hakuna anayekwenda kuyatazama. Yamo ndani ya kikapu. Nadhani Austin alijua alichokuwa anakifanya alipoweka machipuo hayo kwa Seyavi na si kwake mwenyewe, ingawa dibaji inasema kinyume. Ila hata humo humo anateleza, anapoanza kusema "mwanamke wa Kihindi" yuko hivi, anahisi vile, kana kwamba Seyavi ni sampuli. Dakika tatu kabla alikuwa mtu. Abbey, miaka 65 baadaye, ni mbaya zaidi: akifika kwa Wanavajo anageuka mtu wa hesabu ya vizazi na umaskini, macho yaliyokuwa yanaona kila ua yanafifia ghafla.

Tusiwacheke sana. Watu wa pwani yetu waliita ukavu ulio nyuma yao nyika, na waliokuwa wakiishi huko wakawaita Wanyika. Wakoloni walilikuta jina hilo tayari, wakaliandika. Ilibidi wenyewe wasimame na kusema sisi ni Mijikenda, tuna kaya zetu, tuna misitu yetu, na mahali mnapopaona hapana kitu ndipo kwetu. Ukipanda treni ya Mombasa kwenda Nairobi inapita katika ukavu huo, Taru. Mwisho wa kiangazi, wakati kila kitu kimekuwa rangi ya mifupa, kuna mti mfupi wenye shina nene unaochanua maua ya waridi bila jani hata moja. Nimewasikia abiria wakisema huku hamna kitu, huku wameuelekezea simu wakiupiga picha.

Kilichofuata katika bonde la Owens kinajulikana. Mji wa Los Angeles ulihitaji maji. Mary na mumewe, aliyekuwa ofisa wa ofisi ya ardhi, walipinga. Mwaka 1905 mumewe aliandika malalamiko kwa serikali. Hawakusikilizwa. Mfereji wa maili 233 ukakamilika mwaka 1913, na katika miaka kumi na kitu ziwa Owens likakauka, likabaki bakuli la vumbi la chumvi. Maelezo ya Austin ya kingo za vijito, za mashamba ya majirani, za mimea ipendayo maji, ambayo mwaka 1903 yalikuwa maelezo ya kawaida tu ya mahali, leo yanasomeka kama orodha ya mali iliyoibwa. Hakuandika kwa kukusudia maombolezo. Abbey ndiye aliyekusudia, na labda ndiyo maana maombolezo yake yana sauti kubwa na haya ya Austin yanakufikia taratibu, ukiwa katikati ya sentensi kuhusu matete.

Kuhusu lugha yake: ni ngumu. Sentensi zinazunguka, maneno mengine yalikuwa ya zamani hata kwa wasomaji wake, na kuna kurasa anapoanza kuitaja ardhi kama roho yenye siri ambapo mimi huruka. Insha ya mji wa wachimba madini ilinichosha. Insha ya wala-mizoga, kwa upande mwingine, inachekesha kwa ukavu wake. Anawapanga tai, kunguru na koyote kama watumishi wa usafi wa mji, kila mmoja na zamu yake, kisha anamfikia binadamu na makopo yake, na anaona kwamba hakuna mnyama wa kuyala. Mwaka 1903, jamani.

Nimejaribu kutafsiri kurasa chache, kwa ajili yangu mwenyewe. Ile ya njia za maji ilikuja vizuri zaidi ya nilivyotegemea, kwa kuwa Kiswahili kina subira na njia: anaeleza vijia vyembamba kama uzi vya panya na sungura vinavyokutana na kuongezeka upana kadiri vinavyokaribia kisima, na anasema mtu mrefu anayetazama mbali havioni. Anaeleza pia alama ya mawe, duara lenye mstari unaoelekeza mahali penye chemchemi, iliyowekwa na watu wa kale kwa atakayepita na kiu. Lakini nimekwama kwenye jina la kitabu. Nchi ya Mvua Haba ni sahihi na inasikika vizuri. Tatizo linaanza kwenye aya ya pili, anaposema kwamba jangwa ni jina legelege tu la nchi isiyomtunza mtu, na kwamba hata iwe kavu namna gani haikosi uhai. Nikitumia jangwa, msomaji wangu anapata ule moyo wa washairi. Nikitumia nyika, anapata Wanyika. Kwa sasa nimeandika nyika kwa penseli, na nimewapelekea marafiki wawili wa Kilifi kurasa zile wanijibu kama wanaweza kuisoma bila kukunja uso. Mmoja ameshajibu kwamba anataka kwanza kuiona insha ya Seyavi.